Kaa Juu Yake Kwanza Ndo Utoe Pesa

Maneno haya nliyasema mbele ya kina mama hapa Malindi kwenye mkutano wetu wa wapanda baiskeli, na kwa kuwa kuna ambao hawakuwahi kuja wakaomba yaandikwe, nimeyaandika vile nlivyoyatamka, hata pale mloponikatiza.

Assalaam aleikum warahmatullah. Na ndugu zangu wengine, Bwana asifiwe. Mama zangu, mashangazi, dada zangu, na nyinyi mafundi wetu watatu mlokaa pale karibu na mlango, najua kwa nini mmekaa karibu na mlango, lakini tulieni, leo hatumchinji mtu.

Mie wengi mwanijua, ni mpika mahamri, natoka Mtangani alfajiri na ndoo mbili kwenye keria naingia mjini, kwa hivo msitarajie lugha ya daktari. Nnayoyajua nimeyajua kwa kukaa kwenye kiti cha baiskeli na kwa kuuliza maswali mpaka kuna fundi akiniona kwa mbali huingia ndani akasingizia kuswali, na saa yenyewe si ya swala.

Haya, nami niulize. Nani hapa akipanda baiskeli goti linamuuma? Inueni mikono, msione haya. Mabega na shingo je? Vidole kufa ganzi? Na kule chini tusikokutaja mbele za watu, nani kunamchoma mpaka akifika nyumbani hukalia ubavu? Naona mwacheka lakini mikono imejaa ukumbi mzima. Na mkiuliza mwaambiwa nini? Uzee huo. Punguza uzito mama. Baiskeli si ya wanawake. Dukani nako jibu ni moja tu, utazoea. Sasa kuna watu hapa wamekuwa wakizoea tangu binti zao wako chekechea na leo hao mabinti wana waume zao, na goti bado lauma. Mie nasema maumivu mengi katika hayo dawa yake ni spana namba 13 na fundi aliye tayari kukusikiliza, na ndilo jambo nlolijia leo.

Tuangalie kwanza baiskeli inafikaje nyumbani. Zile nyingi tunazopanda sisi zimenunuliwa na mtu mwengine. Mume ama kaka anaenda dukani, anaipanda, anazunguka nayo mara mbili pale nje, fundi anamkazia kiti kwenye urefu wake yeye, anarudi nayo nyumbani anakwambia haya mke wangu, zawadi yako. Zawadi twashukuru, Mungu amzidishie, lakini mwili uloenda dukani si mwili utakaopanda. Mume ana futi sita, wewe una tano na inchi moja, na kile kiti hakuna alokishusha kwa sababu nut yake ilikazwa na mwanamume kwa nguvu zake zote na nyumbani spana hamna. Unapanda hivo hivo, makalio yanacheza kushoto kulia kila ukikanyaga pedali, na jioni kiuno hakisemi.

Wengine wanakwenda wenyewe, na huko nako kuna vituko. Rafiki yangu mmoja wa Kisumu Ndogo alikwenda kununua baiskeli ya kupelekea mboga, akamchukua na mwanawe wa darasa la sita amsaidie kuisukuma. Yeye ndo ana pesa, ziko kwenye kifundo cha leso. Fundi akamgeukia mtoto, "Bosi, wataka gia ama bila gia?" Mtoto akamwangalia mamake. Mamake akasema bila gia. Fundi akamwambia mtoto, "Bila gia ziko hizi mbili, hii ni imara zaidi." Ikawa hivo mpaka mwisho, mama anasema, mtoto anaambiwa. Alipofungua ile leso kulipa ndo mara ya kwanza fundi kumtazama usoni! Na baiskeli alopewa, kiti kilikuwa sawasawa kwa yule mtoto.

Msicheke sana, kwa sababu na sisi tuna letu. Twaona haya. Duka liko barabarani, wanaume wamekaa bao pale, tuktuk zimesimama, na wewe una buibui lako, fundi akwambie panda nikuone? Hupandi. Unasema "ni sawa tu, ni nzuri," unalipa, unaisukuma kwa mguu mpaka kwenye kichochoro ndo unajaribu kukaa. Na fundi mwenyewe anaona haya vilevile, hajui atakwambiaje sogeza nyonga, hajui atatazama wapi, basi anamaliza kwa lile neno lake, utazoea, kila mtu aende zake. Hiyo si roho mbaya, ni watu wawili wanaoneana aibu halafu goti la mmoja ndo linalipa.

Lakini mie nauliza, fundi cherehani pale mjini si mwanamume? Si anakupima kifua, kiuno, nyonga, kwa futi yake, mbele ya wateja wengine, na wewe umesimama unamwambia "acha nafasi kidogo hapa"? Hakuna anosema kitu kwa sababu kila mtu ajua ni kazi. Dera la Idi ukipewa limekubana kwapani unarudi nalo siku ile ile kwa hasira. Baiskeli ya pesa nyingi kuliko madera kumi ikikubana unanyamaza. Kwa nini?

Sasa nisimame kidogo kwenye historia, maana kuna watu hudhani shida hii ni ya Malindi. Mwaka 1894 kuko Marekani mwanamke mmoja aliyejiita Annie Londonderry, aliondoka Boston kuizunguka dunia na baiskeli. Alipewa baiskeli ya kike ya kampuni ya Columbia, ratili 42, hiyo ni kilo kama 19, naye amevaa sketi ndefu mpaka chini. Alipofika Chicago kachoka hoi karibu aache safari, akaibadilisha akachukua Sterling ya kiume, ratili 21, nusu ya uzito kamili, na sketi akaivua akavaa suruali pana za wakati ule. Akaendelea mpaka akamaliza 1895. Baiskeli ya kwanza waliyompa ilikuwa ya mwanamke wa mawazoni mwao, si wa barabarani.

Baadaye akaja Georgena Terry, Mmarekani pia, mhandisi, akafungua kampuni yake mwaka 1985 ya baiskeli za wanawake hasa. Yeye aliona wanawake wafupi wanauziwa fremu za wanaume zilizokatwa kidogo tu, gurudumu la mbele linagonga ncha ya kiatu ukikata kona na usukani uko mbali, basi akaweka gurudumu dogo la inchi 24 mbele na la kawaida nyuma, fremu ikawa fupi kweli. Ukiitazama utasema imeharibika lakini wanawake wafupi waliipenda. Giant, kampuni ya baiskeli ya Taiwan, nao mwaka 2008 wakaanzisha Liv, baiskeli za wanawake peke yake. Na kampuni nyingi nyengine zikaona eh, kuna pesa hapa, zikachukua baiskeli ile ile, zikapaka rangi ya waridi, zikaongeza ua moja kwenye fremu na bei ikapanda.

Halafu kampuni kubwa kama Specialized wakakaa wakaangalia vipimo vya maelfu ya watu walopimwa kwenye baiskeli, wanaume na wanawake, wakakuta kitu ambacho bibi zetu wangewaambia bure, kwamba tofauti ya mwanamke na mwanamke ni kubwa kuliko tofauti ya mwanamke na mwanamume. Kuna wanawake wa miguu mirefu na kifua kifupi, na kuna wa kinyume chake, tazameni tu hapa ukumbini. Kwa hivo siku hizi wengi wamerudi kwenye fremu moja yenye saizi nyingi, na yale yanayotofautiana zaidi, kiti, upana wa usukani, breki za mkono, ndo wanayabadilisha. Msinielewe vibaya, sisemi baiskeli ya kike haina maana. Kwa mtu wa dera, fremu isiyo na bomba la juu ni neema. Nasema tu ukiambiwa "hii ni ya kike" hujapimwa bado. Umeambiwa umbo la bomba basi.

Haya tuje kwenye kupima kwenyewe, na hapa nataka mkae vizuri.

Kwanza kiti. Mtu akushikie baiskeli, mwanamke mwenzako, ama egemea ukuta. Kaa kikamilifu, si nusu. Weka kisigino, si vidole, kisigino juu ya pedali, zungusha mpaka pedali iwe chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe umenyooka na nyonga zimetulia. Ukiona goti limekunjwa kiti kiko chini, ukiona unajivuta upande ufikie kiko juu. Halafu rudisha mguu vile unavyokanyaga, ile sehemu pana nyuma ya vidole, utakuta goti limekunjika kidogo, na hapo ndo pake. Wapimaji wenye mashine wanataka mkunjo wa goti pale chini, kuanzia mguu ulonyooka, uwe kati ya digrii 25 na 35, wewe huhitaji mashine, kisigino kinatosha.

Anayependa futi, kuna hesabu ya Greg LeMond, Mmarekani aloshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu katikati ya mapaja kipande juu kama kiti kinavyokukaa, mtu apime kutoka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Zidisha mara 0.883. Mwenye kipimo hicho cha sentimita 73 anapata 64 na nusu hivi, na huo ndo urefu kutoka katikati ya ekseli kubwa ya kati, pale mikono ya pedali inapozungukia, mpaka juu ya kiti. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba unaifanya chumbani kwako umefunga mlango. Unaandika namba kwenye karatasi, unaenda dukani unampa fundi, yeye anapima chuma, hakupimi wewe. Kwa mwenye haya sana hakuna njia bora zaidi. Ila ilitengenezwa kwa watu wa mashindano wanovaa viatu vya kujifunga kwenye pedali, kwa hivo anza nayo halafu sikiliza mwili wako.

(Mama mmoja wa Shella akauliza, nimeambiwa nikikaa lazima miguu yote miwili iguse chini, si ndo usalama?)

Swali zuri mama, na hilo ndo linaharibu magoti ya nusu ya mji huu. Ukikaa ukagusa chini kwa nyayo mbili kamili, kiti kiko chini mno, kila ukikanyaga goti linakunjwa kama linaomba, na maumivu yanakuja mbele ya goti, hapa kwenye kifuniko. Ukisikia nyuma ya goti, hiyo kinyume chake, kiti kimezidi juu. Kusimama huwa unashuka kitini, unateremka mbele na mguu mmoja chini. Lakini hapa niseme kitu ambacho watu wa vitabu hawakisemi. Mwenye mzigo ni habari nyengine. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, ukiwa na moja kila upande na barabara ya mchanga, ama una mtoto kwenye keria, shusha kiti kidogo kuliko ile hesabu, ili ncha za vidole vya mguu mmoja zifike chini ukiyumba. Goti litalalamika kidogo lakini ukianguka na mtoto utalalamika zaidi. Mie asubuhi na ndoo nashusha, mchana mtupu napandisha. Ndo maana nataka kila mmoja wenu awe na spana yake nyumbani, na baiskeli za kisasa ni alenki namba 5, inaingia kwenye pochi.

Mzee mmoja fundi kule Barani, Mungu amlinde, yeye kabla hajashika spana hukuuliza, "Unaenda wapi nayo, na unabeba nini?" Kwangu mie hilo swali lashinda mashine zote.

Kiti chenyewe sasa. Watu hudhani kiti kizuri ni kile kinene laini kikubwa, na mafundi ndo wanachowauzia wanawake, "chukua hiki mama, ni sponji." Sponji ikizama inapanda katikati, inasukuma pale pale pasipotakiwa kusukumwa. Unakalia mifupa miwili, kila mtu anayo, ukikaa kwenye ngazi ya saruji utaisikia. Kwa kawaida ya wanawake mifupa hiyo imeachana kidogo zaidi kuliko ya wanaume, lakini ziko tofauti kubwa baina yetu pia na haifuati unene, mwembamba anaweza kuwa nayo mbali kuliko bibi harusi alolishwa miezi mitatu. Chukueni katoni ile ya mikunjo ndani, ya sabuni ama ya mafuta, weka juu ya benchi gumu, kaa, inua magoti kidogo, inama mbele vile unavyoendesha, hesabu mpaka kumi, inuka. Utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya lengine, ongeza kama sentimita mbili, huo ndo upana wa kiti chako. Ukiendesha umekaa wima, kama kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kizamani, unataka kiti kipana zaidi na springi, kwa sababu uzito wote uko nyuma. Ukiendesha umeinama unataka chembamba zaidi, na kilichokatwa katikati kama unachomwa mbele.

Na ncha ya kiti! Hapa ndo penye siri ya wengi waloinua mikono lile swali la nne. Kiti kikiinua pua juu kinachoma. Weka sawa na ardhi, weka chupa ya maji ama simu yenye kipimo juu yake, kisha ukitaka teremsha pua kidogo sana. Ukiteremsha mno utateleza mbele na uzito wote utaingia mikononi, ndo unaona vidole vinakufa ganzi ukafikiri ni presha.

Usukani sitakaa sana. Ukishika, viwiko vikunjike kidogo na uweze kugeuza shingo utazame tuktuk inayokuja nyuma. Kama umejinyoosha kama unaanika nguo, kuna kichuma kifupi kinashika usukani, fundi anaweza kubadilisha kikawa kifupi zaidi, baiskeli nyingi za mtumba zinakubali.

Breki ntakaa, kwa sababu ni maisha. Fungua kiganja chako, tazama. Mkono wa mwanamke wengi wetu ni mdogo, na breki ile imetengenezewa mkono mkubwa, basi unashika kwa ncha za vidole viwili, na pale mteremko wa kuelekea daraja la Sabaki lori likikukata mbele ndo ukumbuke kusoma kalima. Sasa njoo uangalie kwa karibu, hapa nimekuja na moja. Ona hapa karibu na pale breki inaposhikwa kwenye usukani, kwa ndani, kuna skrubu ndogo, wengi hudhani ni ya kukaza kitu. Ukiizungusha kwenda ndani, breki yote inasogea karibu na mkono. Zungusha robo, shika, zungusha tena. Halafu fundi arekebishe waya maana utakuwa umekazika. Ndo hiyo tu, bure. Baiskeli nyingi za milima za mtumba zinayo na hakuna alowahi kuiambiwa. Black Mamba ile ya breki za vyuma virefu haina hii skrubu, kwa hiyo hapo mwambie fundi asogeze raba karibu na rimu ili ishike mapema kabla hujamaliza mkono.

(Hapa dada mmoja mwalimu akasema Black Mamba yake ni fremu 24 na hawezi kuipanda bila kupanda jiwe kwanza.)

Huyo mwambie alokuuzia arudishe pesa, dada yangu, ama ubadilishane. Fremu ya inchi 24 ni ya mtu mrefu. Zile za Hero na Phoenix kwa kawaida zinakuja na 22 pia, na bado kwa mfupi ni kubwa. Kiti unaweza kushusha, fremu huwezi kuishusha. Simama umeitanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo chini, lisikuguse, liache nafasi ya vidole viwili vitatu. Likikugusa, hata ikiwa bei ya kutupa, iache.

Dera na buibui. Hakuna duka lililowahi kunieleza hili, na ndo lililomwangusha jirani yangu mbele ya soko. Kava ya cheni iwe kamili, si kipande. Gurudumu la nyuma liwe na wavu ama mfuniko pale juu ya spoku, Waholanzi wanazo tangu zamani kwa ajili ya makoti, hapa fundi anaweza kufuma kwa kamba ya nailoni ile ya nyavu, wavuvi wetu wanayo bwerere. Ndani vaa suruali, nje funga leso mzunguko mmoja juu ya paja, kifundo upande wa kushoto mbali na cheni. Imeisha.

Sasa ugonjwa wetu wa pwani peke yetu, chumvi. Kiti kinaganda. Nguzo ya kiti inaingia kwenye bomba, hewa ya bahari inaingia nayo, kutu inawaozesha pamoja mpaka hakuna anayeweza kuwatenganisha. Nshaona fundi anapiga nyundo mpaka kiti kimepinda na nguzo iko pale pale. Wengi wenu hamjapimwa si kwa sababu fundi hataki, ni kwa sababu kiti hakishuki na yeye hataki kusema. Dawa ni kumwaga mafuta ya kupenyeza pale kwenye shingo, kulaza usiku kucha, asubuhi kugeuza kiti kushoto kulia kwa nguvu huku mtu ameshika fremu, si kuvuta juu. Kikitoka sugua kwa msasa, paka grisi nguzo yote, rudisha. Na kila baada ya muda toa, paka tena. Ukipandisha tazama kuna alama ya mstari imechorwa kwenye nguzo, ule mstari usionekane nje, ukionekana nguzo imebaki fupi ndani na siku moja itavunja bomba ukiwa juu.

(Bibi mmoja akasimama akasema, lakini watoto wa kike nao, si mwajua wanavyosema watu, baiskeli inaharibu mtoto wa kike.)

Bibi, nashukuru umelisema wewe maana mie ningeogopa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa tamko kwamba hakuna uchunguzi wowote wa kitabibu wa kumjua bikira, hauna msingi wa kisayansi. Sasa kama daktari mwenyewe hawezi kulijua hilo kwa kutazama, hiyo baiskeli itamharibu nini mtoto? Kinachomuumiza mtoto wa kike ni kiti kilichoinua pua, na hicho nshawaonesha. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika, mbio kubwa ya wanawake akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Mwaka huo huo Kimberley Le Court wa Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, alivaa jezi ya manjano kwenye Tour de France ya wanawake. Wale kiti chao kinapimwa kwa milimita. Sie twaomba sentimita tu.

Nigeukie mlangoni sasa. Mafundi wetu, wala msiinamishe vichwa. Mwanamke akija na mtoto, ongea na mwanamke. Akija na mumewe, muulize nani atapanda, halafu huyo ndo apande. Wekeni benchi ndani na pazia la kitambaa, shilingi chache hiyo, mtu akae juu ya baiskeli bila wacheza bao kumhesabu. Kuweni na futi ukutani. Kama hamtaki kumtazama mtu, aje mkeo ama dada yako asimame pale, na umlipe, mbona mwana wa jirani unamlipa kupuliza tairi? Na mkinunua viti kutoka Mombasa msilete vya saizi moja vyote. Msiongeze bei kwa sababu ni mama. Kupima nako chajeni, hatukatai, ni kazi, mradi mtu akirudi baada ya wiki kusema bado goti lauma mumrekebishie bila kununa.

Na sisi tusiende mmoja mmoja. Nendeni wawili, mmoja anapanda, mwengine anatazama goti na nyonga kwa nyuma, kwa sababu mwenyewe huwezi kuona nyonga yako ikicheza. Muulizaneni nani ana fundi mwema, mtajeni kwa kila mtu, na yule asokusikiliza mnyimeni pesa tu bila matusi, kimya, ataona mwenyewe duka limekuwa jeupe. Kisha msikubali kuambiwa lipa kwanza ndo ujaribu.

Haya, nimeongea sana na jua laelekea adhuhuri. Nje pale chini ya mwarobaini nimeweka katoni mbili, futi, kitabu kigumu, mafuta ya kupenyeza na grisi, na mafundi hawa watatu wamekubali kutoa spana zao, kwa hivo si tumewasamehe kidogo? Wenye kiti kilichoganda waanze kupiga foleni mkono wa kulia wapakwe mafuta kwanza maana hayo yanachukua muda, wenye breki ngumu waje kwangu, na yule dada mwalimu wa fremu 24 asiondoke, hapa kuna mama mrefu wa Ngala ana 20 anataka kubadilishana.